Mwano Ambao Sikuusikia

Jumatatu, 2 Februari

Feni ya mbele imenikata tena. Kidole kile kile. Nimekifunga kwa selotepu ya umeme nikaendelea na kazi. Kosa langu. Nilitaka kujua kama inazunguka sawasawa, nikaipima kwa mkono huku inazunguka. Fundi wa majokofu miaka yote hii, bado nachokonoa feni kwa kidole kama mtoto.

Lakini mashine imeamka. Bodi moja kati ya tatu ilikuwa bubu tangu nilipoipokea. Leo nimeifungua, nimekwangua ile dawa ya kupoozea chipu, imekauka kama ukoko wa ugali. Nimepaka mpya. Nimekaza skrubu kona kwa kona. Nimewasha. Zote tatu zikaongea.

Nimepiga kelele peke yangu stoo. Nkwimba akaja kuangalia nimepatwa na nini. Kanikuta nacheka, damu imefika kwenye kiwiko. Kaangalia damu, kaondoka. Ndiyo mke wangu huyo. Hasemi, anaweka akiba.

Alhamisi, 5 Februari

Mashine ya mtumba, imetoka Dar kwenye buti la basi, imefungwa blanketi. Kazi yake ni moja tu. Inakisia namba bila kupumzika, na ikipatia, kijisehemu cha Bitcoin kinaingia kwenye simu yangu. Haijui kuchoka, inajua kupata joto tu. Na joto ndilo ninalolijua mimi. Nimelitoa kwenye majokofu ya samaki ya nusu ya Mwanza, nimelala chali chini ya friji za watu wasionijua hata jina. Hii ni yangu.

Nimepandisha frikwensi kidogo, nimepunguza volti kidogo. Ujanja uko hapo. Volti ikizidi inaungua. Ikipungua mno, chipu zinaanza kukosea hesabu. Unatafuta katikati taratibu, kama unatafuta stesheni kwenye redio ya zamani. Feni zinajiongoza zenyewe. Joto likipanda nazo zinapanda, mpaka zinalia kama msumeno wa mbao.

Jioni umeme ukashuka. Taa za mtaa mzima zikafifia. Kulwa akaja.

Kulwa na Doto ni mapacha, kaka zake Nkwimba. Doto ana kibanda cha uwakala wa pesa mbele ya nyumba yangu, barabara tu katikati. Mtu wa watu. Kulwa anakaa nyuma yangu, anafuga. Mtu wa ng'ombe. Alikuwa anaangalia mpira, televisheni yake ikazima. Hakubisha hodi. Alikuja na panga akakata waya wangu unaoingia stoo. Waya wenye umeme. Cheche zikaruka, panga likamtoka, yeye akakaa matopeni anatetemeka.

Hapo nilipaswa kumsaidia. Nilimpiga. Akaniangusha. Tukavingirishana kwenye matope ya zizi lake mpaka Doto akaja kutuachanisha, akatumwagia ndoo ya maji kama tunavyofanya kwa mbwa.

Jino moja linacheza. Sijuti.

Jumamosi, 7 Februari

Mwano asubuhi. Nilikuwa naunga waya upya. Yowe la hatari, ile sauti ndefu, inaanzia nyumba moja, inadakwa na ya pili, mpaka Usagara yetu yote inalia. Ukisikia unatoka na ulichoshika. Huulizi kuna nini, utaambiwa mbele. Mimi nilitoka na spana. Mbuzi wa mjane mmoja alikuwa ameibwa, tukampata kwenye mahindi amefungwa mdomo kwa kamba. Mwizi hakuonekana.

Baada ya hapo Mzee Ng'wandu, ntemi wetu, mkuu wa walinzi wa sungusungu, akapitisha macho kwenye nyuso zetu, kama kawaida. Anatujua wote. Akakosa uso wa muuza mkaa wetu. Tukamfuata nyumbani, tukamtoa kitandani ananuka gongo. Akasema hakusikia.

Tulicheka. Mwano hausikiki vipi? Asiyetoka yuko upande wa wezi, ndivyo tulivyolelewa. Alilazwa chini akala fimbo mbele ya wanawe. Mimi ndiye niliyemshika miguu. Ana miguu myembamba, na anarusha mateke ajabu.

Jumanne, 10 Februari

Doto kaja kwa adabu zake. Kasema mlio wa mashine unawafanya wateja wake wasisikilizane, mtu anataja namba tatu, yeye anasikia nane. Angekuwa Kulwa ningekasirika. Kwa Doto nimecheka.

Nimekwenda kutafuta magodoro ya zamani. Nimepata manne, moja linanuka mikojo. Nimeyapigilia ukutani, darini na kwenye mlango. Dirisha nimeliziba na bati. Nimeacha bomba moja la bati linalotupa hewa ya moto nje, na Nkwimba ameshaweka kichanja cha michembe pale, viazi vinakauka mara moja. Ndani sasa ni tanuru. Ukiwa humo husikii hata ukikohoa mwenyewe. Nje ni mvumo mdogo tu, kama nyuki ndani ya ukuta.

Doto kaweka sikio kwenye tofali, kacheka, kaniletea soda ya baridi. Kasema, "Shemeji, sasa tutaelewana."

Ijumaa, 13 Februari

Joto limepanda, mvua imegoma. Bodi ya kati inapata moto kuliko wenzake. Nimeigombeza. Nimeipiga kofi. Kisha nikagundua waya wa feni ya nyuma ulikuwa umelegea. Nimeiomba mashine radhi kwa sauti, na Nkwimba alikuwa mlangoni.

Anasema ananiita chakula kimepoa, siitiki. Anasema siku moja nyumba itaungua mimi nikiwa humo naangalia simu. Nimemwambia asinitabirie mabaya. Tumegombana. Nimevunja sahani. Ilikuwa ya mama yake.

Jumanne, 17 Februari

Doto amekatwa mapanga.

Nitaandika. Mchana, jua kali. Mimi stoo, mlango umefungwa, feni zimefika mwisho. Nilikuwa nimepata. Bodi tatu zote zimeshikilia frikwensi ambayo sijawahi kuifikia, makosa ya hesabu karibu hakuna. Niliganda pale naangalia mchoro wa mashine kwenye simu, jasho linadondokea kwenye kioo. Nilikuwa na furaha. Lazima niliandike hilo. Nilikuwa na furaha sana.

Nikatoka kunywa maji. Barabara imejaa watu.

Doto yuko chini mbele ya kibanda. Kichwa kimepasuliwa, mkono wa kulia umeshikwa na ngozi tu. Nkwimba kakaa mavumbini, kichwa cha kaka yake mapajani, anabana na khanga, na khanga imeshindwa. Aliinua macho akaniona. Nilikuwa na simu mkononi. Nadhani bado nilikuwa natabasamu.

Walikuja kwa pikipiki mbili, nyuso zimefungwa. Doto alikataa kuachia mkoba. Nkwimba ndiye aliyepiga mwano wa kwanza, akiwa karibu na mlango wa stoo kuliko kilivyo kitanda changu. Watu wametoka mpaka kule njia panda. Muuza mkaa alitoka. Mimi sikutoka.

Mwizi mmoja alianguka na pikipiki kwenye kona. Walimmaliza kwa mawe, kisha tairi. Polisi walipofika hakuwa na mdomo wa kusema alitumwa na nani, wala wenzake ni akina nani. Sikwenda kuangalia. Harufu ilikuja yenyewe.

Jumatano, 18 Februari

Doto amefariki alfajiri, hospitali, Mwanza.

Alhamisi, 19 Februari

Msibani. Nilikaa na wanaume. Nafasi pande zangu zote mbili zilibaki wazi. Benchi limejaa na mimi nina nafasi.

Mzee Ng'wandu alikuwa ameshapitisha macho siku ile ile, juu ya damu ya Doto. Anajua nani hakuwepo. Kila mtu anajua. Nyumba ya karibu kuliko zote, shemeji yake mwenyewe.

Kulwa akasimama mbele ya watu wote. Ana sura ile ile ya Doto, sasa ni kama maiti ndiyo inayoniuliza.

"Shemeji, ulikuwa wapi?"

Nikasema stoo. Nikasema feni zilikuwa juu, sikusikia.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Muuza mkaa aliniangalia kwa muda mrefu sana, kisha akatema mate pembeni.

Ijumaa, 20 Februari

Nimezima mashine. Kisha nikayashambulia magodoro. Nimeyang'oa na misumari yake, nimeyachana kwa kisu, nimeyarundika uani, nimemwaga mafuta ya taa nikawasha. Nilikuwa nalia, nalitukana godoro. Moshi mweusi, mzito, ulikwenda moja kwa moja juu ya turubai la msiba.

Nilipotulia nikaona watu wamesimama barabarani wanaangalia. Nkwimba alikuwa miongoni mwao. Hapo ndipo akili ilinirudia. Kitu pekee kilichoweza kunisemea nimekichoma moto mchana kweupe. Mjinga mimi. Mjinga kabisa.

Jumamosi, 21 Februari

Mazishi. Niliinama kuchukua udongo. Kulwa akanidaka kola kwa nyuma, akanivuta mbali na kaburi mpaka shati likachanika. Nilimrushia ngumi, ikampata sikioni. Watu wanne wakaniangukia. Mchungaji aliendelea kusoma, sauti ikapanda kidogo tu.

Nimekula mchanga wa kaburi la Doto. Ndivyo nilivyomzika.

Jumatatu, 23 Februari

Nimetengwa. Hakuna aliyetangaza, hakuna haja. Dukani muuzaji anapanga sabuni mpaka niondoke. Kwenye mashine ya kusaga wamesema mkanda umekatika, na nyuma yangu nasikia unga unasagwa. Nimemsalimia bibi wa jirani shikamoo, amefunga mlango. Shikamoo yangu imebaki hewani.

Nkwimba yuko msibani kwa kaka zake, hajarudi kulala. Sijamlaumu.

Asubuhi hii nimekuta kuku wangu wote wamenyongwa. Wamepangwa mlangoni kwa mstari mmoja, vichwa vimeangalia ndani. Aliyefanya alikuwa na muda wake. Nimechukua panga nikasimama katikati ya barabara, nikatukana kila nyumba kwa jina la mwenye nyumba. Nilitamani mmoja tu atoke. Ningemkata. Naandika hivi nikiwa na akili timamu: ningemkata.

Hakutoka mtu. Mapazia yalicheza tu.

Alhamisi, 26 Februari

Nimekwenda mwenyewe kwa Mzee Ng'wandu. Nimepiga goti. Shikamoo ntemi. Ameitika marahaba. Ni neno la kwanza nimeambiwa na mtu wiki hii.

Nimemweleza. Mashine, joto, feni, magodoro niliyoyaweka kwa ombi la Doto mwenyewe nipunguze mlio. Anasikiliza vizuri mzee yule, anafunga macho. Akasema maneno hayana uzito. Mwizi aliyeweza kusema kama niliwatuma amekufa, Doto amekufa, magodoro nimeyachoma.

Nikamwambia njooni mjaribu. Nitakaa ndani na mashine, nyie pigeni mwano nje. Kama naweza kusikia, nifanyeni mtakavyo.

Alifungua macho. "Jumapili, baada ya ibada," akasema.

Nimerudi nyumbani natembea kama mtu. Naijua mashine yangu. Kelele yake haijawahi kuniangusha. Kesho nitafuta vumbi, nitaangalia bodi ya kati.

Alhamisi, 5 Machi. Sengerema

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uko kwenye plasta mpaka begani. Herufi zinaanguka, ziache zianguke.

Jumapili mvua ilikuja. Mwezi mzima tunaiomba, ikaja siku hiyo. Ilitokea ziwani asubuhi, baridi inaingia kwenye mifupa. Nilikuwa nafurahi kwa ajili ya mahindi. Sikufikiri. Fundi wa baridi, na sikufikiri kuhusu baridi.

Walikuja wanaume wote wa upande wetu. Fimbo, mapanga, mikuki miwili mitatu ya babu zao. Wakanichukulia simu mlangoni, Mzee Ng'wandu akaiweka mfukoni mwa koti lake, mtu asije akanipigia ishara. Kulwa na muuza mkaa waliingia na mimi stoo kunitazama usoni. Mlango ukafungwa. Nikawasha.

Mashine ikiwashwa, feni zinaanza na nguvu zote. Zililia. Vumbi likaruka ukutani, Kulwa akaziba masikio kwa viganja. Nikamwangalia. Uso wake ulibadilika, niliuona. Mdomo ulilegea. Kwa muda ule mfupi aliniamini. Laiti wangepiga mwano pale pale.

Hawakupiga. Nje walikuwa wanapangana. Feni zikasoma baridi, zikaona hakuna kazi. Zikaanza kushuka. Zikashuka mpaka zikawa zinapumua tu, kama feni ya ofisi. Kuta tupu, bati limetoboka pale nilipong'oa misumari, mvua naisikia inagonga bomba.

Nilimwambia Kulwa nipewe simu, mashine inaamrishwa kwa simu, nitazipandisha feni zilivyokuwa siku ile.

"Unataka kumpigia nani?"

Nikamwambia basi tusubiri ipate moto. Akasema siku ile kaka yake hakusubiriwa.

Ndipo mwano ukapigwa.

Nilisikia. Kila mtu angesikia. Ulipita kwenye bati, kwenye tofali, kwenye feni. Na miguu yangu ikasimama. Sikuiamrisha. Nilidaka spana iliyokuwa mezani nikakimbilia mlango. Kulwa naye alikuwa ameshainuka na panga lake, naye hakujiamrisha, tukagongana mabega mlangoni, tukatoka pamoja kwenye mvua kama watu wa upande mmoja.

Nje wamesimama duara. Mwano ukakatika. Wananiangalia na spana yangu.

Nilifungua mdomo nieleze kuhusu baridi. Mzee Ng'wandu alitikisa kichwa, siyo kwa hasira. Kwa huzuni, nadhani. Nilimchukia kwa huzuni ile kuliko ningemchukia kwa hasira.

Pigo la kwanza lilitoka nyuma. Kulwa. Ubapa wa panga, shingoni. Kisha sikuweza kuhesabu wala kutambua. Fimbo zina sauti moja zikiwa hewani na nyingine zikifika. Nilirusha spana, nilisikia jino la mtu. Niliuma mkono wa mtu mpaka nikapata chumvi. Walinilaza. Aliyenishika miguu alikuwa muuza mkaa, na alinishika vizuri kuliko nilivyomshika. Mkono ulivunjika juu ya jiwe, nilisikia kabla sijaumia.

Waliitoa mashine nje, waya bado unaning'inia. Waliipiga mawe. Bodi zikatapakaa matopeni, wakazikanyaga, mmoja anaruka juu yazo na gumbuti. Niliona yote hayo kwa jicho moja, na nitasema ukweli hapa maana hakuna anayesoma: hata pale niliumia kwa ajili ya bodi ya kati.

Kisha Kulwa akaligeuza panga. Makali. Alikuwa analia, kamasi na mvua. Akaniita kwa jina langu, Mabula, siyo shemeji. Nikajua basi.

Mwano.

Siyo wa wanaume. Wa mwanamke mmoja, mkali, umeanzia juu. Nkwimba alikuwa kwenye kizingiti cha kibanda cha Doto, nguo nyeusi zimelowa zimemganda mwilini, mkono unapigapiga mdomo, anaita. Hakuacha. Alivuta pumzi akarudia. Na bibi wa jirani, yule aliyenifungia mlango, akaudaka. Kutoka kwake ukaenda nyumba ya pili. Ukaenda njia panda.

Waliokuwa wananipiga waligeuka wote. Lazima. Hakuna aliyelelewa kwetu anayeweza kuusikia akaendelea na shughuli yake. Fimbo zimeinuliwa, macho yanamtafuta adui, na adui hayupo. Muuza mkaa akaiachia miguu yangu. Watu wa ng'ambo ya barabara walikuja mbio na majembe na mapanga, wasiojua lolote, wakauliza nani, yuko wapi.

Nkwimba alinyoosha mkono. Kwa Kulwa. Kisha kwa Mzee Ng'wandu.

"Wanaua mtu," alisema. "Mmeitwa. Zuieni."

Hakupaza sauti. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya watu labda mia, na kila mmoja ana silaha, na hakuna aliyejua aishikeje. Mzee Ng'wandu alisimama na kofia yake inachuruzika. Ile sheria aliilinda yeye maisha yake yote. Aliyepigiwa mwano anazuiwa, aliyepiga analindwa, na asiyeitika ni mmoja wao. Aliangalia panga la Kulwa. Akalifuata, akaliondoa mkononi mwake kidole kimoja kimoja, kama unavyomnyang'anya mtu aliyelala.

Akawaambia waende makwao. Waliondoka bila kuangaliana.

Walionibeba hadi kwenye gari ni watu wa ng'ambo ya barabara. Shangazi yake Nkwimba anakaa huku Sengerema, ndiyo maana tumeletwa hospitali ya huku. Tulipita juu ya daraja nikiwa nimelala sakafuni mwa pikapu, naona nguzo tu na mawingu. Nkwimba alikaa mbele na dereva.

Jumanne, 10 Machi

Homa imeshuka. Mbavu zinaniruhusu kukaa.

Mzee Ng'wandu ametuma mtu. Simu yangu imerudi, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Anasema shauri halijaisha, ila hakuna atakayenigusa tena. Nikipona nitaitwa, nitaulizwa upya. Kulwa hali chakula, hasemi na mtu, analala zizini. Nilimwuliza yule mtu kama michoro ya siku ile ingesaidia, kumbukumbu ya joto la mchana ule bado iko kwenye simu. Akaniangalia kwa huruma. Nikaacha.

Nkwimba amekuja jioni na kikapu. Amenimenyea kiazi, amenilisha kipande kwa kipande, anapuliza kwanza. Nilimshukuru kwa kunipigia mwano. Ni mara ya kwanza tunalizungumza.

Alinifuta mdomo kwa kona ya khanga. "Nilipiga kwa sababu wewe ni mtu," akasema. "Kama mume, bado sijajua."

Nikasema sawa.

Kesho asubuhi anarudi Usagara kumaliza matanga ya kaka yake. Nesi amemruhusu alale kitanda cha pembeni, hakina mgonjwa leo. Amegeukia ukutani. Amelala na viatu miguuni.